Baniani Mbaya, na Hekalu Lake Je?

Natumaini baridi haijawamaliza, na kwamba wale wenye mitihani bado mnapumua. Leo siandiki kuhusu viza, wala karo, wala makato ya kutuma pesa nyumbani. Nataka tuzungumze kuhusu mahekalu ya Wahindu. Najua kuna mtu ameshaanza kugeuza ukurasa. Subiri kidogo, ndugu yangu, manake jambo lenyewe linakuhusu kuliko unavyodhani.

Chanzo ni kikao chetu cha kamati. Tulikuwa tunapanga safari ya wanachama ya wakati wa kiangazi. Kila mtu akataja mahali pake. Mimi nikasema twende Neasden, kaskazini-magharibi ya London, tukaone lile hekalu kubwa la mawe meupe, BAPS Shri Swaminarayan Mandir. Kukawa kimya, kama vile nimependekeza tukamfulie mwenyekiti nguo. Halafu hoja zikamiminika. Wa kwanza alisema yale ni masanamu na dini yake haimruhusu. Wa pili akasema hao watu walitunyanyasa nyumbani miaka yote, leo twende tukawapigie makofi? Wa tatu, kwa upole kabisa, akasema mambo hayo hayatuhusu. Sisi ni chama cha Waafrika, bora twende Brighton tukaone bahari. Kura zikapigwa, Brighton ikashinda.

Sina kinyongo na Brighton. Lakini hoja zile tatu zimenikaa rohoni, na kwa kuwa mwenye kalamu hakatizwi kikaoni, nitazijibu moja moja. Nitaanza na ile ya mwisho, ya kwamba hayatuhusu.

Mimi naishi Thamesmead, kusini-mashariki ya London, kando ya mto. Wanaopajua watasema ni Lagos ndogo, na hawatakosea sana: Wanaijeria na Waghana ni wengi, na Jumapili ukipita maeneo ya maghala utasikia ngoma na sifa zikitoka ndani ya majengo ambayo katikati ya wiki ungedhani ni ya kuhifadhia matairi. Ukipanda basi kuelekea Woolwich unapita Plumstead. Hapo maduka yanauza bamia, mihogo, dengu na unga wa ugali kwenye rafu moja. Plumstead kuna mandir, yaani hekalu la Kihindu, na Woolwich kuna gurdwara ya Masingasinga wa jamii ya Ramgarhia. Ramgarhia ni jamii ya mafundi, yaani waashi, maseremala na wahunzi. Wengi wao hawakuja Uingereza moja kwa moja kutoka Punjab. Walipitia kwetu.

Nilijifunza hilo kituo cha basi. Nilikuwa naongea na mama kwa simu, Kiswahili cha sauti ya juu kama ilivyo kawaida yetu. Nilipokata simu, mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa amekaa pembeni na mfuko wake wa mboga akaniuliza, "Kijana, hiyo Kiswahili ni ya wapi? Ya Dar?" Nikashtuka. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia marahaba bila kusita. Akaniambia amezaliwa Kisumu, kasoma Kisumu, na aliondoka 1968. Basi lilikuja, tukakaa pamoja mpaka Woolwich. Ni yeye aliyenihadithia kwamba mwaka 1995 alikuwa akienda Neasden kila mwisho wa wiki, pamoja na mamia ya watu wa kujitolea, kusugua mawe ya marumaru kwa mikono. "Fundi wa Gujarat alichonga," aliniambia, "lakini vumbi tulifuta sisi watu wa Kisumu na Kampala."

Mwaka huo 1968 si mwaka wa bahati mbaya tu. Baada ya uhuru wa Kenya, Waasia wengi walikuwa na pasi za Uingereza. Vibali vya kazi na leseni za biashara vilipobana, wakaanza kuondoka. Machi 1968 Bunge la Uingereza likapitisha sheria kwa siku chache tu ili kuwazuia, ingawa pasi walizoshika zilikuwa zake. Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90, na karibu watu 28,000 wakaingia nchi hii. Sasa ukisikia kwamba Wahindu wa London wamejenga hekalu, jiulize ni Wahindu gani. Wengi wao ni watu waliojifunza kuendesha chama, kuchangishana na kukata risiti wakiwa Mombasa, Nairobi, Jinja na Dar es Salaam. Jumuiya hiyo ya BAPS ilikuwa na hekalu Mombasa tangu 1955. Hapa London ilianza na kanisa lililoachwa, kule Islington, mwaka 1970. Baadaye wakahamia kwenye ghala dogo Neasden. Ndiyo kusema walianza pale pale ambapo makanisa ya Waafrika wa Thamesmead yako leo.

Na kabla ya London, sisi wenyewe tulikuwa nayo mlangoni. Kule Dar, Mtaa wa Kisutu, mahekalu yamepangana. Nimepita pale utoto wangu wote nikienda mjini na baba, nikisikia kengele na kunusa ubani, na sikuwahi hata siku moja kuuliza ndani kuna nini. Nairobi, Agosti 1999, lilifunguliwa hekalu ambalo nje ni jiwe la manjano kutoka Jaisalmer, India, na ndani ni mbao zilizochongwa kila sehemu. Kampala yapo, Mombasa yapo, Zanzibar yapo. Na mkono wa mchongaji wa Kihindi haukubaki hekaluni. Nenda Mji Mkongwe uangalie ile milango inayoitwa ya Kigujarati, yenye vipande vidogo vya mraba, au ile yenye upinde juu iliyoenea zama za akina Sultani Barghash. Tazama maua ya yungiyungi yaliyochongwa kwenye miimo. Ua hilo hilo utalikuta chini ya nguzo za Neasden. Mji Mkongwe uliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2000, na sisi wote tunapiga picha mbele ya milango ile tukisema "utamaduni wetu". Ni kweli, ni wetu. Basi na yule fundi na jamaa zake, wao ni wa nani?

Hapo nimejibu kama mtu wa pwani. Sasa niruhusuni nijibu kama mhandisi, manake ndiyo kazi iliyonileta huku.

Hekalu la Neasden lilifunguliwa Agosti 1995. Msanifu wake ni C. B. Sompura, kutoka ukoo wa Gujarat ambao kazi yake kizazi hadi kizazi ni kujenga mahekalu. Walinunua tani 2,828 za mawe ya chokaa kutoka Bulgaria na tani 2,000 za marumaru kutoka Italia. Mawe hayo yakasafirishwa kwanza hadi India, yakachongwa na mafundi zaidi ya 1,500, kisha yakaletwa London yakiwa vipande 26,300, kila kimoja kimeshajulikana kinakaa wapi. Msingi ulimwagwa Novemba 1992, tani 4,500 za zege katika saa 24, bila kusimama. Mawe yakaanza kupangwa katikati ya 1993, na baada ya miaka miwili kazi ikawa imekwisha. Fedha zilitoka kwenye michango, na sehemu yake ilitokana na watoto waliokuwa wakikusanya makopo matupu ya soda na kuyauza.

Jambo lililonifanya nirudi mara ya pili ni hili: mwili wa hekalu hauna nguzo wala boriti ya chuma. Kwetu tuliozoea kufunga lenta hii ni habari kubwa. Jiwe hubeba vizuri sana mzigo unaolikandamiza, lakini likivutwa au kupindwa linakatika. Ndiyo maana kwenye zege tunatia nondo: zege libebe mgandamizo, nondo ibebe mvuto. Waliojenga mahekalu tangu zamani hawakuwa na nondo, kwa hiyo walitafuta njia ya kuhakikisha kwamba jiwe halivutwi kupita kiasi. Waliweka nguzo nyingi zilizokaribiana ili boriti iwe fupi. Juu ya kila nguzo wakaweka vibebeo vinavyotokeza pande zote na kupunguza urefu wa boriti tena. Kuba lao nalo si la upinde kama wa Kirumi. Ni duara juu ya duara, kila duara la mawe likiingia ndani kidogo kuliko la chini yake, mpaka pale juu panafungika. Yule mcheza ngoma wa mawe unayemwona kwenye pembe, ambaye unadhani amewekwa kwa urembo tu, mara nyingi kakaa kwenye kibebeo kinachofanya kazi. Urembo na hesabu vimekaa kwenye jiwe moja.

Na kwa nini wanaogopa chuma hata leo, wakati kipo? Kwa sababu chuma kikipata kutu kinavimba. Kutu inachukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichokuwepo, na inapovimba inapasua jiwe au zege lililoizunguka. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa. Nani hajaona nyumba Dar au Mombasa iliyojengwa kwa mchanga wa baharini, zege limebanduka kwenye dari na nondo zinachungulia kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi? Waliojenga Neasden walikuwa wanafikiria miaka 1,000. Sisi kwenye mafunzo yetu tunapigia hesabu jengo la miaka 50, na tukifika 100 tunajisifu.

Hapo ndipo Thamesmead inaponijia. Serikali ya jiji la London ilianza kuujenga mji huu miaka ya 1960, juu ya eneo la matope na viwanja vya zamani vya silaha, kwa mpango wa kuhamishia watu kama 60,000. Wapangaji wa kwanza waliingia 1968. Majengo yalitengenezwa kwa kuta za zege zilizomwagwa kiwandani hapo hapo karibu, zikabebwa na kreni na kuunganishwa. Kwa kuwa mafuriko ya 1953 yalikuwa bado kichwani mwa watu, vyumba vya kulala havikuwekwa chini, na njia za waenda kwa miguu zikapandishwa juu. Stanley Kubrick alikuja kupiga sehemu ya filamu yake, A Clockwork Orange, kando ya ziwa la Southmere. Leo baadhi ya majengo yale ya kwanza pale pale ziwani yameshabomolewa, hayakufikisha hata miaka 60.

Sitaki nionekane nawacheka. Thamesmead iliwapa familia bafu la ndani na bustani wakati London ilikuwa bado imejaa nyumba mbovu, na hekalu halijampa mtu mahali pa kulala. Na majengo hubomolewa kwa sababu nyingi, si zege peke yake. Ninachosema ni kwamba Neasden na Thamesmead ni ndugu kwa mbinu: zote mbili zimetengenezwa vipande vipande kwingine, kisha zikaunganishwa. Kwa hiyo hatuwezi kusema jengo la vipande lazima liwe baya, wala kwamba urembo hauwezekani zama hizi. Hata Waingereza walikuwa wakiamini hivyo. Nenda Crossness, mwendo wa miguu tu kutoka kwangu, ukaone kituo cha kusukuma majitaka kilichofunguliwa 1865 chini ya mhandisi Bazalgette. Ndani kuna chuma kilichosukwa maua na majani, kimepakwa rangi nyekundu na kijani. Kwa ajili ya majitaka! Wao pia walidhani kazi ya umma inastahili mikono mizuri. Sasa sisi tutakaorudi nyumbani kujenga hospitali na shule, tutajenga kwa mawazo gani? Nikikuambia Neasden inatuhusu, na hilo ni mojawapo.

Naingia hoja ya pili: walitunyanyasa.

Hapa sitazunguka. Ni kweli, ndugu zangu. Wakoloni walitupanga kama ngazi, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Dar ilikuwa na Uzunguni, Uhindini na Kariakoo, na shule na hospitali zilifuata mpango huo huo. Walio katikati hawakuikataa ngazi hiyo kwa wingi, wengine waliipenda. Kuna wazee wetu waliohudumiwa dirishani, walioitwa "boi" wakiwa na wajukuu. Baba yangu alikuwa fundi mwashi, alifanya kazi miaka mingi chini ya mkandarasi wa Kihindi. Alilipwa kidogo na kutukanwa kiasi. Lakini timazi na pimamaji alifundishwa na msimamizi wa huyo huyo mkandarasi, na kwa timazi hiyo ndiyo tulisoma. Nikimuuliza habari za Wahindi, baba hutoa majibu mawili kwa wakati mmoja, na yote ni ya kweli.

Ndiyo maana ile methali yetu, baniani mbaya kiatu chake dawa, siku hizi inanikera kidogo. Tunaitumia kwa kicheko. Lakini iangalie vizuri. Inasema mtu huyu simtaki, ila chake nakitaka. Tumeishi nao kwa methali hiyo zaidi ya miaka mia. Pesa tunaiita kwa neno lao, laki ni neno lao, bima neno lao, gari neno lao, na chapati hata usiseme. Vyote hivyo tumevaa kama kiatu. Mwenye kiatu tumemwacha nje. Na yeye kwa upande wake ametuuzia kiatu miaka yote hiyo bila kutukaribisha ndani. Mlango wa hekalu la Kisutu haukuwa na kufuli, ila hakuna aliyetuambia karibu. Lawama hii ina pande mbili, na mimi siwezi kufuta upande wao kwa makala moja. Upande wangu naweza.

Tena tusisahau kwamba si wote walikaa katikati ya ngazi. Makhan Singh, Singasinga wa Nairobi, alidai uhuru wa Afrika Mashariki hadharani mwaka 1950, na Wakoloni wakamfungia mpaka 1961. Pio Gama Pinto, Mgoa, aliuawa kwa risasi Nairobi mwezi Februari 1965 akiwa bado anawatetea wasio na ardhi. Hawakuwa Wahindu, lakini kwenye mdomo wa mtu wa kawaida wote ni "Wahindi". Julai 2017 serikali ya Kenya iliwatambua Waasia wa Kenya kuwa kabila la 44. Wengine walicheka. Mimi nilijiuliza chama chetu hapa kingewahesabu la ngapi.

Sasa hoja ya kwanza, iliyo nzito kuliko zote: masanamu.

Mwenye kuikataa safari kwa ajili ya imani yake namheshimu, na sitamlazimisha. Ila nataka aelewe anakataa nini. Kinachokaa hekaluni kinaitwa murti. Mchongaji anapomaliza, murti bado ni jiwe. Inafanyiwa ibada ambayo kwa imani yao uhai unakaribishwa ndani yake, na tangu hapo inatendewa kama mgeni wa heshima: inaamshwa, inavishwa, inapewa chakula, inapumzishwa. Ndiyo maana kuna saa ambazo mapazia yanafungwa. Mwabudu haji kuangalia tu, anakuja kuonana: yeye aone, naye aonwe. Jengo lote limepangwa kwa ajili ya dakika hiyo. Unaanza nje kwenye mwanga na nakshi nyingi, unapita ukumbi wa nguzo, unaelekea kwenye chumba kidogo cha ndani kabisa, ambacho jina lake la Kisanskriti lina maana ya chumba cha mimba. Juu ya chumba hicho ndipo kilele kirefu kinaposimama, kama mlima juu ya pango.

Hukuombwa uamini hayo. Mimi siamini, nasali kwangu na nitaendelea kusali kwangu. Lakini tukienda British Museum tunasimama saa nzima mbele ya miungu ya Misri na tunatuma picha nyumbani. Tukienda Westminster Abbey hatuhesabu sanamu ngapi zimo. Kwa nini dini za waliokufa, au za waliotutawala, ni utalii, ila dini ya jirani wa Kisutu ni hatari?

Ndugu zangu Waislamu wana swali jingine, na wana haki nalo: je, Ayodhya? Msikiti wa Babri ulibomolewa na umati tarehe 6 Desemba 1992, watu wengi wakafa katika ghasia zilizofuata, na Januari 2024 hekalu jipya likafunguliwa mahali hapo. Msanifu wake anatoka ukoo ule ule wa Sompura. Sitalikwepa hilo. Jiwe zuri linaweza kuwekwa juu ya jeraha la mtu. Lakini kwa sababu hiyo hiyo nataka tujue kutofautisha. Mzee wa Kisumu aliyesugua marumaru Neasden hakubomoa msikiti wa mtu. Tukimbebesha ya Ayodhya kwa kuwa ni Mhindu, tutasema nini siku sisi tukibebeshwa ya kila muuaji mwenye jina kama letu? Nchi hii wengi wetu tumeshabebeshwa.

Nimefika mwisho, na nina jambo la kukiri. Safari ya Neasden siidai kwa ajili ya mawe tu.

Wakati wa wiki ya kukaribisha wanafunzi wapya nilikuwa nimekaa kwenye meza ya chama, na bendera zetu na mandazi. Akaja dada mmoja, amevaa kawaida tu, jinzi na sweta. Akasema kwa Kiswahili safi cha Mwanza, "Mambo zenu, naomba kujiandikisha." Mwenzangu mmoja akamwangalia usoni, akamjibu kwa Kiingereza kwamba chama cha Wahindi kiko meza ya tatu upande wa kulia. Watu wakacheka. Yule dada naye akacheka kidogo, kile kicheko cha kumalizia aibu. Akachukua andazi moja, akasema asante, akaondoka. Meza ya tatu hakwenda. Alitoka nje kabisa.

Mimi nilikuwa nimeshika kalamu na daftari la majina. Nilijua la kusema, na sikusema. Nilikuwa nimeshazungumza na yule mzee kwenye basi, nilikuwa nimeshahesabu nguzo za Neasden, na bado nilikaa kimya kwa sababu kila mtu alikuwa anacheka. Basi elimu yote ile ya mawe ilinisaidia nini?

Kwa hiyo mapendekezo yangu ni mawili, hayana gharama. La kwanza, kamati iandike kwenye katiba yetu kwamba Mwafrika Mashariki ni yeyote anayejitambulisha hivyo, na mwenye kukaa mezani asimpangie mtu kwa uso wake. La pili, Jumamosi moja, wanaotaka twende Neasden. Kutoka Thamesmead unapanda basi mpaka Abbey Wood, unachukua treni ya Elizabeth, unabadilisha Bond Street kuingia Jubilee mpaka Neasden, na kutoka hapo ni kutembea. Kuingia hekaluni ni bure. Funika mabega na magoti, kamera iache mfukoni ukiwa ndani. Viatu vinabaki mlangoni, vya kwako na vya baniani, rafu moja.

Na dada wa Mwanza, kama gazeti hili litakufikia: samahani. Daftari bado ninalo, na nafasi ya jina lako ipo.

Naomba kuwasilisha.